Ushindi wa Mezani

Asubuhi ya nusu fainali, Bogna Wilczewska alishindwa kumaliza mkate wake. Harufu ya chumba cha kubadilishia nguo ilikuwa imemganda kooni: dawa ya kuchua misuli, soksi zilizolowa tangu jana, na soseji ambayo mtu aliisahau ndani ya begi. Alikuwa ameivuta harufu hiyo miaka ishirini na tano, na leo ndiyo kwanza ikamchefua.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Alianza badminton akiwa na tisa, kwenye ukumbi wa shule uliovuja, katika mji mmoja mdogo karibu na mpaka wa Lithuania ambako raketi hazikosekani nyumbani kama vile vikaango. Miaka kumi na mitatu ya mwisho alicheza wawili wawili na Jagoda Truszko, Bogna nyuma akishindilia kinyoya, Jagoda mbele kwenye wavu akimalizia. Walikuwa na medali tano za taifa, zote za shaba. Asiyeujua mchezo atasema shaba tano si haba. Ni kweli si haba, ila ukizitundika ukutani zinakuambia neno moja mara tano: hukuingia fainali.

Safari hii watakaoingia fainali wangepelekwa mashindano ya Ulaya, mahali ambapo wao hawajawahi kufika. Jagoda alikuwa amemwachia mama mkwe mtoto wa miaka miwili, akaomba likizo isiyo na mshahara katika duka la dawa alikofanya kazi, na kila mtu alijua hana mwaka mwingine. Kikwazo ni kwamba nusu fainali iliwakutanisha na wasichana wa klabu yao wenyewe, Michalina na Roksana, wenye miaka kumi na tisa. Mazoezini wasichana hao walikuwa wamewapiga mara nne mfululizo.

Kocha Przybyła alilimaliza jambo hilo kwenye chai hiyo ya asubuhi, huku anatafuna tango la chumvi na kuongea mdomo umejaa. Michalina angeumia kifundo cha mguu. Wakubwa wangepata ushindi wa mezani na kupumzika, wadogo zamu yao itafika. Ndivyo klabu ilivyofanya siku zote wenyewe kwa wenyewe walipokutana, na hakuna aliyeuita udanganyifu. Waliuita heshima. Heshima gani hiyo ya kumfunga bandeji mtu mzima wa afya, sijui.

Bogna alinyamaza pale mezani, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa amekubali. Jagoda naye alikodolea macho kikombe chake, Bogna akaona basi, mwenzangu ameridhika.

Saa nne kasorobo alirudi kubadilisha nguo, akamkuta Michalina peke yake kwenye benchi, kiatu kimoja amevua, bandeji mpya mkononi. Alitarajia kumkuta analia. Angalau angelia. Msichana alikuwa anatafuna chingamu, mtulivu kama anamenya viazi.

"Dada Bogna, nifunge wa kulia au wa kushoto?"

"Kocha amesemaje?"

"Hajasema. Naona wa kulia, ndio wa kurukia. We usijali, wala haijaniuma. Kocha kasema hata wewe ulifunga enzi zako."

Alifunga, ndiyo. Goti la kushoto, akiwa na miaka ishirini, na dada wa klabu aliowapisha wakamnunulia keki ya jibini. Aliila yote na kushukuru. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alikwisha kulelewa: alichagua mguu wa kuumia kama mtu anayechagua kitunguu sokoni. Bogna alimwonea kinyaa kocha na tango lake, akajionea kinyaa mwenyewe, akazionea kinyaa hata zile shaba, maana hakuwa na hakika tena ni ngapi alizitolea jasho.

"Vaa kiatu," alimwambia. "Mnacheza fainali."

Alitoka moja kwa moja hadi kwenye meza ya mwamuzi mkuu, mzee mmoja mpole aliyemjua tangu akiwa mtoto, akasema mgongo umemkataa, hawezi kucheza. Mzee alimpa pole mara mbili kabla ya kuandika. Daktari wa mashindano akaitwa, akamlaza kifudifudi kwenye mkeka, akaanza kumbonyeza.

"Inauma hapa?"

"Inauma."

"Na hapa?"

"Hapo ndipo zaidi."

Kipaza sauti kikatangaza kwamba Wilczewska na Truszko wamejitoa. Bogna alipoinua kichwa aliona viatu vya Jagoda, vile vipya alivyonunua kwa ajili ya Ulaya. Jagoda alisubiri daktari aende zake na cheti chake.

"Huo mgongo hauna kitu," alisema.

Bogna alimweleza yote, bandeji, chingamu, keki ya jibini. Alisema asingeweza kupanda ndege kwa mguu wa mtoto wa watu, kwamba kitu chenyewe kilimtia kichefuchefu.

"Kwani mimi hakikunitia?" Jagoda aliuliza. "Tangu ile chai nilikuwa natafuta pa kuanzia, nikuambie tukatae, tucheze nao. Watupige, tuwapige, lakini tucheze. Wale watoto wangekubali mbio. Kinyoya kikija katikati yetu tunaitana, Bogna, miaka kumi na mitatu tunaitana. Leo hukuniita."

Wazo la kucheza tu, jambo dogo kama hilo, halikuwa limempitia Bogna kichwani hata mara moja. Aliruka kutoka kwenye mkeka na kuupita ukumbi mzima mbio, akavuka mabegi na kamba za pembeni, mpaka kwenye meza ya mwamuzi mkuu. Akasema amekosea, wanacheza, wafute walichoandika.

Mzee alikuwa ameshika cheti cha daktari, wino haujakauka. Alikuwa amemwona anavyokuja mbio, tangu mwisho wa ukumbi. Alimtazama miguu, akamtazama mgongo, kisha akasogeza kiti chake nyuma kidogo, kama mtu anavyojitenga na kitu kinachonuka.