Mashine Aliyoitaka Wenseslaus

Wanaume wa Kilema, kule Kilimanjaro, wenye wivu na wake zao ni wengi, lakini wivu wa Wenseslaus ulikuwa wa aina yake: alimwonea mkewe wivu wa kazi.

Miaka kumi na mmoja alikuwa ametoboa miamba kwenye mgodi wa dhahabu huko Kanda ya Ziwa. Mwaka 2002 ikaja mashine moja ikafanya kazi ya wanaume ishirini, naye akarudishwa nyumbani kukatia ng'ombe majani. Hilo angelimeza. Lililomkaba koo ni kwamba mkewe Hilda, mpishi wa mgodini, alibaki. Wakubwa walitaka wanawake kwenye mitambo, wakampa lori la kubeba mawe.

Hilda aliporudi likizo ya Krismasi, watu walimzonga kanisani utadhani askofu. Wenseslaus akabaki pembeni, roho ikimuuma. Ndipo katekista akamkabidhi barua aliyoandikiwa Hilda kutoka mgodini, iliyokuja kwa sanduku la posta la parokia. Akaifungua bila haya. Hilda amechaguliwa kujifunza mashine ya kutoboa, aripoti kabla ya Januari sita.

Mashine ileile! Akaificha barua chini ya gunia la kahawa.

Siku tatu barua ikalala pale. Ya nne akapata akili, au alichodhani ni akili. Uchaggani ukikosa unapeleka jani la isale, na aliyekosewa halikatai. Mke akishasamehe na kupatana na mumewe mbele ya mkwe, aliwaza, ataondokaje amwache tena? Akachuma isale mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, akampa Hilda pamoja na barua, mama yake Wenseslaus akishuhudia.

Hilda akaisoma barua hadi mwisho. Akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, Baba Denis. Kesho unisindikize stendi."

"Si umepokea isale?"

"Ndiyo maana naondoka bila kinyongo. Sasa niambie, mwamba ukitaka kuporomoka unasikikaje?"

Wenseslaus aliijua sauti hiyo kuliko sauti za watoto wake. Ndicho kitu pekee ambacho mashine haikumnyang'anya. Akashika panga aende kukata majani ya ng'ombe.

"Mwambie," mama yake akamkazia macho. "Au unataka afie huko?"

Akamwambia yote, hadi mlio mdogo wa mwisho, na kila neno lililomtoka alilionea wivu.