Jino Katikati ya Pengo

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado haujaamua kuondoka. Ulitanda juu ya uwanja wa shabaha, nyuma ya kituo cha askari wa wanyamapori, na ule ukuta wa udongo kule mwisho ukawa unaelea, mara upo, mara haupo. Fundi wa bunduki alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka wake wa miaka yote, kitako cha bunduki begani, shavu juu ya mbao, na kwa kitambo akasahau alichokuja kufanya. Siku hizi ilimtokea mara kwa mara, dunia kumlainikia machoni. Hakumwambia mtu. Kusema kweli, kulikuwa na raha yake, kama ile ya kuamshwa asubuhi ukaambiwa bado mapema, lala tena.

Bunduki ilikuwa ya binti yake, sajini wa kituo hicho hicho. Kesho alfajiri ndiye angetangulia kuingia vichakani kumfuata nyati aliyejeruhiwa na mtego wa waya, ambaye alikwishamvunja mkulima mmoja mbavu na kumpandisha mwingine juu ya paa. Nyati wa namna hiyo risasi ya kwanza ndiyo inayoamua kama atalala au atakuja. Baba mtu alitaka bunduki ya mwanawe ipige pale pale inapolengwa, si jirani. Jana binti alimwambia mara mbili, "Yangu haina neno, Baba, iache tu," kisha akaifungia kabatini. Lakini funguo za kabati la silaha zilikuwa kiunoni mwa fundi tangu sajini hajaota meno. Leo, binti alipoingia kikaoni kwa mkuu wa kituo, baba akaichukua akinyata, mtu mzima anayejiibia sukari nyumbani kwake.

Kazi yenyewe haina maajabu. Mbele, mwisho wa mtutu, kuna kijipande cha chuma kilichosimama wima. Askari hukiita jino. Nyuma, karibu na jicho, kuna bamba lenye ufa; hilo ni pengo. Unalikalisha jino katikati ya pengo, unaigusisha ncha yake na doa jeusi lililo kwenye karatasi hatua mia mbele yako, unavuta pumzi, unaitoa nusu, unabana kifyatulio. Mara tatu. Risasi zikiangukia kushoto, unachukua nyundo ndogo ya shaba na kuligonga jino kuelekea kushoto, kwa sababu jino huzifuata risasi zilikokwenda. Wageni hudhani ni kinyume chake, na fundi alikuwa amewacheka wageni kwa miaka thelathini na moja.

Akimaliza, huchora kwa msumari mstari mwembamba unaoanzia kwenye jino na kuishia kwenye mtutu. Mstari usipovunjika, jino halijahama. Na sheria aliitunga mwenyewe, akaiandika kwa rangi nyekundu mlangoni mwa chumba cha silaha: bunduki ambayo mstari wake haujavunjika haiguswi.

Akabana mara tatu, akatembea hatua zake mia hadi kwenye karatasi, akapapasa. Matundu yote matatu yalikuwa kushoto, shibiri nzima kutoka kwenye doa. Akarudi, akapitisha ukucha juu ya mstari. Ukucha uliteleza bila kukwama. Mstari ulikuwa mzima.

Hapo angeacha. Angemkuta mtu mwingine anaendelea, angemfokea. Lakini aliwaza nyati, akawaza mgongo wa mwanawe ukitangulia vichakani, akajiambia chuma nacho huchoka. Akaligonga jino kushoto, tak, tak, na lile tak la pili lilipomrudia kutoka ukutani akawa mahali pengine kabisa: sakafuni nyumbani, binti ana miaka saba, amelala kando yake na bunduki tupu, kizibo cha soda kimewekwa juu ya mtutu. Bana, kizibo kisianguke. Kilikuwa kinaanguka, wanacheka, mama mtu jikoni anauliza nani ameniletea jeshi nyumbani. Mama huyo huyo juzi alimwambia, "Mume wangu, umelisalimia koti langu pale ukutani." Akamjibu kwamba alikuwa anatania. Mkewe hakucheka.

Alilala tena, akatazama. Jino lilikuwa na pacha. Yalisimama mawili, moja limeegemea jingine, na yeye, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizi, alichagua la kulia kwa kuwa lilionekana limetulia. Akabana mara tatu, akaenda, akapapasa. Yote ndani ya doa. Roho yake ikatulia tuli. Akachora mstari mpya, akakaa kwenye mkeka kusubiri sifa zake.

Sajini alikuja akitembea haraka, kisha polepole alipoona nyundo.

"Umeigusa, Baba."

"Ilikuwa inapiga kushoto, shibiri nzima. Ungekwenda nayo hivyo hivyo? Lala hapo, uionje."

Binti akalala, kwa ule utii wa zamani, akabana mara tatu. Fundi akaenda mwenyewe kwenye karatasi, akahesabu matundu kwa kidole: sita, yote ndani ya doa, kama familia kwenye kitanda kimoja. Alirudi anatabasamu.

"Safi, mama. Na ukungu wote huu."

"Ukungu gani, Baba?"

Alinyoosha mkono kuuonyesha. Binti aliutazama mkono, akautazama uwanja, akamtazama baba yake.

"Leo kweupe tangu alfajiri," alisema. "Na mimi sikulenga doa. Nimelenga ukingo wa kushoto wa karatasi."

Fundi hakuelewa, au alielewa akaomba asielewe.

"Bunduki zako zinapiga kulia," binti aliendelea. "Zote ulizozigusa tangu mvua zilizopita. Sote tunalenga kushoto. Askari mpya akija, kitu cha kwanza anachoambiwa ni hicho: ukipewa bunduki iliyotoka kwa Babu, lenga shibiri kushoto. Hata mkuu analenga kushoto."

"Na hamkuniambia."

"Nani angeanza? Kila mtu hapa wewe ndiye uliyemwekea kitako begani. Ikawa rahisi zaidi kulenga kushoto."

Aibu ilimshuka fundi kutoka utosini, ya moto, mpaka vidole vya miguu. Alitamani awakasirikie, akakuta hana pa kuanzia. Walikuwa wamembeba mwaka mzima na yeye anajiona anatembea. Kisha lile la nyati likamrudia, likafukuza aibu yote.

"Kesho akitokeza mabega tu nyuma ya kichaka, na moyo unakudunda, utakumbuka shibiri?"

"Ndiyo maana niliificha yangu. Ilikuwa imebaki hiyo moja inayopiga ninapotazama."

Fundi akampa nyundo. Haikuwahi kushikwa na mkono mwingine, na mpini wake ulikuwa umechukua umbo la kiganja chake. "Mstari wa zamani bado upo chini ya mpya," alisema. "Ligonge jino lirudi kulia mpaka ukucha uteleze usikwame. Kisha lenga doa, doa lenyewe, unisamehe."

Binti aligonga, akapitisha ukucha, akagonga tena. Alipobana mara tatu, walikwenda pamoja kwenye karatasi mpya. Fundi aliyatafuta matundu kwa kidole gumba, akayapata, na kidole kikayafunika yote matatu. Alikaa hivyo kwa muda, gumba lake juu ya kazi ya mwanawe.

Kisha akafungua funguo kiunoni. "Zilete zote."

"Zipo kumi na nane, Baba."

"Na askari wake, kila mmoja na yake."

Askari walikuja, wakapanga foleni bila kutazamana, wanaume wazima kwa wanawake, wanaujua msiba ulipo. Wa kwanza alilala kwenye mkeka. Sajini alikuwa ameshamgongea jino likapata mahali pake. Askari akabana mara tatu, bunduki ikawekwa chini, na fundi akatembea zile hatua mia peke yake. Alipapasa doa, hakukuta kitu. Akasogeza mkono. Matundu yalikuwa shibiri nzima kushoto, pale pale heshima ilipokuwa imeyazoesha.

Aligeuka. Kule walikosimama aliona weupe tu, na ndani yake vivuli, kila kimoja na pacha wake.

"Lenga katikati, mwanangu," aliita, kwa sauti ya mtu anayetaja saa. "Usinilengee mimi tena. Babu haoni."