Mwekezaji Hagusi Nyundo

Mgeni anayetaka kufungua biashara kwenye nchi ya watu ana masharti yake, na mimi nimeyasoma mpaka macho yakataka kunitoka. Uwe na mtaji: mimi na mume wangu tukauza kiwanja. Uwe na ofisi: nikapanga chumba chenye dirisha la barabarani. Uajiri mwenyeji: nikaajiri. Sharti la mwisho ndilo lililonikalisha kitako. Mwekezaji ataongoza tu. Kazi ya mikono asiiguse, maana hiyo ni riziki ya wenyeji.

Mimi ni fundi makochi. Nisipogusa, hakuna kochi.

"Sasa nitaongoza nini?" nilimuuliza wakala aliyekuwa ananishughulikia maombi ya kibali.

"Utaongoza fundi."

"Fundi ni mimi."

Akaangalia mlangoni kwanza. "Dada, neno hilo usilirudie. Kuta zina masikio. Wewe ni mwekezaji. Mwekezaji anakaa, anapokea simu, anaguna."

Kuguna naweza, nikasema moyoni, maana nilikuwa nimeanza tangu nilipofika.

Mwenyeji niliyempata alikuwa mzee mmoja aliyestaafu udereva wa basi, na mkewe alikuwa amechoka kumuona sebuleni. Nilimwita Mjomba. Mstaarabu, hana neno na mtu, ila nyundo aliishika kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Asubuhi nampa kochi, mchana ananirudishia majeruhi. Mwisho nikatundika pazia nyuma ya chumba. Mjomba akawa anakaa mbele na aproni safi, mimi nashona nyuma. Wateja wakisifu, anaitikia kwa haya, macho chini. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Kwamba mwenyeji atapona kwa kukaa kwenye stuli, hilo waliliacha tuligundue wenyewe.

Nisionekane mpenda ujanja. Mume wangu na binti yetu walikuwa nyumbani wanasubiri. Kibali cha kwanza kilikuwa changu peke yangu; kikihuishwa, na wao wanaruhusiwa kuja. Kikikataliwa narudi, na kiwanja ndiyo kimekwenda. Kila nikipiga simu, mtoto alikuwa na swali moja tu, lini, na mimi nikawa bingwa wa kumuuliza habari za shule.

Afisa wa uhamiaji alikuja bila taarifa. Wakati huo nilikuwa nyuma ya pazia, mdomo umejaa misumari.

Hapo nieleze. Baba yangu, aliyenifundisha kazi, hakutaka tuokote misumari kwenye kopo. Fundi anaijaza mdomoni, ulimi unaugeuza mmoja kichwa mbele, na nyundo ya sumaku inaudaka midomoni. Mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine unapiga, na kazi haisimami. Wenye bunduki za pini wanatucheka. Na wacheke, makochi yao tunayafumua sisi.

Basi nikamsikia Mjomba akipaza sauti kama yuko stendi: "Karibu sana, bwana afisa wa uhamiaji!" Mungu amzidishie. Nikaitupa nyundo juu ya sponji, nikavaa koti, nikatoka. Misumari sikupata pa kuitemea, nikaisukuma yote shavuni.

Afisa alikuwa kijana nadhifu, viatu vyake vinang'aa kuliko mustakabali wangu. "Wewe ndiye mwekezaji?"

Nikaguna.

"Biashara inakwendaje?"

Nikaguna tena, nikaketi, nikakunja nne. Nikaona uso wake unalainika. Kumbe hapa alikuwa amekutana na bosi wa kweli, hasemi, hafanyi, na hana haraka na mtu. Laiti wakala wangu angekuwepo aone.

"Nimeletewa maneno," afisa akaendelea. "Mteja mmoja amesema humu kuna fundi hatari, na ni mwanamke." Akamgeukia Mjomba. "Mzee, hebu nionyeshe unavyofanya kazi."

Mjomba akanitazama, akatazama kiti kilichokuwa wazi, akachukua mkanda wa kubebea springi. Akaufunga umelegea, paka angeweza kulala humo akabembea. Akapiga msumari, akapata kidole. Akakiomba kiti samahani.

Afisa hakucheka. Alikuja akasimama mbele yangu.

"Mama, nakuuliza wewe. Huyu mzee amekosea wapi?"

Jibu lilikuwa limejaa mdomoni pamoja na misumari. Mkanda unavutwa mpaka ukiugonga kwa kidole ulie. Ncha inakunjwa mara mbili, na misumari haipangwi mstari mmoja, mbao itapasuka. Hata usingizini ningejibu. Vidole vilikuwa vinaniwasha. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuona mkanda umelegea mbele yangu nikauacha, na kuuacha ule kuliniuma, sitaki kudanganya.

"Sijui," nikasema kwa upande mmoja wa mdomo. "Kazi hii siijui. Sijawahi kushika nyundo."

Afisa akamwinamia Mjomba. "Amesemaje?"

"Lafudhi ya kwao nzito kidogo, bwana. Anasema hajui lolote."

"Lolote kabisa?"

Nikatikisa kichwa kuthibitisha. Msumari mmoja ukanichoma shavu kwa ndani. Nikameza damu, nikatabasamu.

"Safi!" Afisa akafunga faili lake. "Juzi tu nilimkuta mwokaji mmoja mgeni, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Tumemrudisha kwao. Watu wanakuja huku hawajui hata maana ya uwekezaji." Akampa Mjomba mkono, akamshukuru kwa kulinda ufundi wa nchi, akamshauri akifunge hicho kidole. Mimi akaniambia nisiwe na wasiwasi: kibali kitahuishwa, familia ije.

Alipoondoka nikatema misumari kiganjani. Mjomba akaniletea maji ya kusukutua, hakuweza kuniangalia. "Nisamehe, mwanangu," akasema. Nikamwambia hana kosa, amenisaidia sana, na ilikuwa kweli.

Kisha nikampigia baba. Tangu nisafiri alikuwa na imani kwamba huku watu wanapimwa kwa ufundi wao, na kila mteja wake alikuwa ameshaambiwa hivyo.

"Wamekuja? Wameona kazi yako?"

"Wamekuja, baba."

"Wamekuuliza umefundishwa na nani?"

"Hawakuuliza."

"Sasa uliwaambia nini?"

"Niliwaambia kazi siijui. Sijawahi kushika nyundo."

Huyu ndiye aliyekosana na kaka zake kwa ajili yangu, walipomwambia karakana si mahali pa binti, akawajibu kwamba mkono wa huyu binti utawalisha. Nilisubiri anikaripie, na kwa kweli nilitaka anikaripie.

"Mtoto anakuja?" akauliza.

"Anakuja. Na baba yake."

Akakohoa.

"Basi hao wa uhamiaji wakirudi," akasema, "waambie hata baba yako alikuwa haijui."