Adui Anaposema Hapana

Usiku wa kuamkia leo niliota deki yangu ya video imesimama mlangoni inabisha hodi.

"Karibu," nikaiambia, "lakini wewe si unakaa humu humu ndani?"

"Nakaa," ikajibu. "Ila leo nimekuja kikazi. Chukua mkoba wako twende, filamu yako inaumwa."

Sikushangaa hata kidogo. Habari hiyo nilikuwa naitegemea tangu juzi.

Nieleze kwanza, maana nisipoeleza mtasema Skolastika kachanganyikiwa. Baba yangu, marehemu Severin, alikuwa na banda la video hapa Ifakara, na kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu za Kichina. Kichina hakukijua. Hata salamu hakuijua. Alikuwa anaunganisha deki mbili, moja inacheza na nyingine inarekodi, anashika maiki, anasema lolote linalomjia, na watu wanatoka bandani wakisema jamani Wachina wana maneno! Alifariki nikiwa na miaka minne. Picha yake hatuna, na mimi simkumbuki, sura wala harufu. Nilichobaki nacho ni mkanda mmoja tu, wa mpishi ambaye bata wake ameuawa, naye anaapa kulipiza kisasi. Ni saa moja na dakika arobaini za sauti ya baba. Anaongea kama mpishi, anaongea kama adui, kama mama mkwe wa adui, hata bata anamtafsiri. Kama Severin, baba wa Skolastika, haongei neno hata moja.

Mkanda huo nimeutazama zaidi ya mara mia mbili. Kuna sehemu moja ambayo ndiyo roho yake. Adui na askari wake arobaini wamemzingira mpishi, na mpishi anaomba yaishe. Adui anafoka Kichina dakika nzima, mate yanamruka, anaonyesha mbingu, anaonyesha ardhi, anavunja na meza. Anapomaliza, baba anasema taratibu, "Anasema hapana." Hapo nyumba nzima huwa tunakwisha. Mwanangu Adelina hucheka mpaka anashika ukuta. Hata nikiwa peke yangu na cherehani yangu huwa nacheka mpaka majirani wanauliza kulikoni.

Juzi baba alisema, "Anasema hapana," na mimi sikucheka. Nilikisubiri kicheko, hakikuja. Nikazima palepale. Niliogopa, sifichi. Nilijiambia, haya, umeitazama mpaka umeimaliza, na baba umemmaliza pamoja nayo. Nikaapa mbele ya Adelina kwamba siugusi tena mkanda ule.

Kwa hiyo deki iliposema filamu inaumwa, nilijifunga khanga nikaifuata.

Tunavuka sebule, na upande wa pili wa kochi ni zahanati. Daktari ni runinga yetu, amevaa koti jeupe, na kichwani ana kile kitambaa nilichokifuma mwenyewe. Wagonjwa wamekaa kwenye mabenchi. Namwona mpishi, steringi wa filamu yangu, viwiko vimechakaa mpaka ukuta wa nyuma yake unaonekana. Mto ule mkubwa aliokuwa akiuruka kwa hatua moja sasa umo kwenye ndoo, umefunikwa kwa sinia. Askari nawahesabu, ni kumi na mmoja. Benchi la mwisho amekaa adui, mpole, ameshika kadi yake ya kliniki.

"Nisameheni," nikasema. "Aliyewachakaza ni mimi."

"Usikimbilie kuungama," akasema daktari. "Umeitazama mara ngapi?"

"Mia mbili na kitu."

"Umecheka mara ngapi?"

"Zote, kasoro juzi."

"Fungua mkoba wako."

Nikafungua. Ndani walikuwamo askari ishirini na tisa, wamekunjwa vizuri kama nguo zilizopigwa pasi. Chini yao nikakuta viwiko vya mpishi, vipya kabisa, na sehemu kubwa ya mto, haijamwagika hata tone. Mh! Na mimi nilikuwa najiuliza kwa nini mkoba ule unanivuta bega.

"Kila anayecheka huondoka na kipande," akasema daktari. "Hiyo ndiyo kanuni. Hawa hawajapotea, umewahamishia kwako."

"Niwarudishe?"

Askari mmoja akatoa kichwa mkobani. "Shangazi, tunakuomba usiturudishe," akasema. "Humu kuna joto zuri. Kule tulikuwa tunapigwa kila siku."

Adui akasimama. Akaongea Kichina dakika nzima, anaonyesha mbingu, anaonyesha ardhi, akainyanyua na meza ya daktari ila akairudisha pole pole. Alipomaliza, zahanati nzima ikanigeukia. Kichina sikijui, lakini mimi ni mtoto wa Severin.

"Anasema ahsante," nikatafsiri.

Adui akaongeza dakika nyingine nzima.

"Anasisitiza."

Wagonjwa wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Mimi nikajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu juzi, nikafunga mkoba ili niage.

"Unakwenda wapi?" Sauti ilitoka chini ya benchi. Alikuwa bata.

"Shikamoo," nikamwambia, maana kwenye mkanda ule yeye alinitangulia.

"Marahaba. Kaa chini, mimi na nyinyi tuna ugomvi." Akajikung'uta manyoya, akanitazama kwa jicho moja. "Mimi nauawa dakika ya nne. Baada ya hapo sina kazi yoyote mpaka mkanda uishe, nimelala chali nasikiliza. Hakuna aliyeisikiliza filamu hii kunishinda. Sasa yule mtafsiri akishasema 'Anasema hapana', kuna kitu kingine huwa anakisema. Anakisema chini chini, kaiweka maiki pembeni. Miaka yote hii sijawahi kukisikia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yenu! Mnacheka kama mashine ya kusaga. Ikifika hapo tu, nyumba nzima, kwa kwa kwa! Juzi nikasema Mungu mkubwa, Skolastika hajacheka, leo nitasikia. Ukazima."

Niliona aibu, acheni tu. Bata mzima amekaa chali zaidi ya miaka thelathini akisubiri mtu anyamaze.

"Kwa hiyo filamu haijaisha?" nikamuuliza.

"Wewe umeimaliza lini?" akasema bata. "Hebu nifuate."

Namfuata, na zahanati sasa ni chumba. Ni mchana, jua limeingia dirishani. Deki mbili ziko mezani, na mwanamume ameketi amenipa mgongo, shati la mikono mifupi, maiki mkononi. Mimi ni mdogo sana. Nimelala kwenye mkeka, nimefunikwa khanga, na chini ya shavu langu kuna kitu chembamba na kigumu. Kwenye runinga adui anafoka. Bata amejibanza miguuni kwangu.

"Usithubutu," ananong'ona.

"Anasema hapana," anasema yule mwanamume.

Kicheko kinapanda. Nang'ata pindo la khanga. Mwanamume anaiweka maiki pembeni, anageuza kichwa, nasubiri nimwone uso, anafungua mdomo, na jikoni Adelina anadondosha sufuria.

Nikaamka. Kulikuwa kumeshakucha, na nilikuwa na hasira na sufuria ile kuliko nilivyowahi kuwa na hasira na mtu. Sikunawa hata uso. Nilikwenda sebuleni, nikaichomeka deki, nikausogeza mkanda mbele.

Adelina akaja na kikombe cha chai. "Mama, si uliapa?"

"Kaa hapa," nikamwambia. "Ukicheka leo, nakufinya."

Askari walikuwa arobaini kamili, na mpishi alikuwa na viwiko vyake. Adui akafoka, akavunja meza.

"Anasema hapana," akasema baba.

Adelina akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yanamtikisika. Mimi nilikuwa nimeinama, sikio liko kwenye spika. Kukawa na mkwaruzo, kama kitu kinawekwa mezani. Halafu ikaja sauti ileile ninayoijua maisha yangu yote, ila safari hii hakuwa mpishi, wala adui, wala bata. Alikuwa mtu aliyechoka kidogo, anaongea na mtoto.

"Mama, sogea kidogo. Umelalia waya."

Kisha mkwaruzo tena, na mpishi akaendelea kuomba yaishe.

"Anamwambia nani?" akauliza Adelina.

"Ananiambia mimi," nikasema. Machozi yakanitoka, na kile kicheko kilichonigomea juzi nacho kikaja hapo hapo, vyote kwa pamoja, nikashindwa hata kushika kikombe. Nilimshukuru Mungu. Nilimshukuru baba kwa sauti, kwa jina lake. Na bata sikumsahau.

Nikarudi kwenye kochi, nikajibana ukingoni, na Adelina akaningoja nitulie.

"Sasa mama, mbona umehamia pembeni, na kochi lote ni lako?"

"Si umesikia mwenyewe?" nikamwambia. "Baba kasema nisogee."