Mito Miwili kwenye Saluni

Jumanne asubuhi Msusi alimpaka Mwalimu dawa ya kulainisha nywele, akamfunga taulo shingoni, kisha akaenda kuchungulia dumu la maji nyuma ya mlango. Dumu lilikuwa tupu. Wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye waliendesha naye ile saluni, alikuwa ametumia maji ya mwisho kupiga deki.

"Wifi, maji ya kichwa cha mtu umepigia deki?"

"Sakafu ilikuwa inatia aibu. Halafu mwenye mkokoteni amesema analeta mengine sasa hivi."

Sasa hivi ya mwenye mkokoteni ilijulikana mtaa mzima. Mwalimu, ambaye alikuwa amestaafu kufundisha historia lakini hakustaafu kusahihisha watu, alisema kwa upole kwamba kichwa kimeanza kuwaka moto.

Koki za mtaa ule zilikuwa kavu tangu zilipojengwa nyumba mpya kule kilimani, zile zenye bustani na mabwawa ya kuogelea. Bomba kubwa lilipita chini ya mtaa, na ukitulia ungesikia kabisa maji yakikimbilia kilimani. Kila Jumatatu Msusi alikwenda ofisi ya maji kulalamika, na kila Jumatatu alipigwa danadana. Wala hakuwa anaomba makubwa. Alitaka mtaa urudishiwe maji yake, kwa sababu saluni bila maji ni viti na vioo tu, na viti na vioo haviwezi kulisha nyumba mbili, yake na ya kaka yake.

Mwalimu alikuwa ameshaanza kuvuta pumzi kupitia meno wakati koki ya sinki la kushoto ilipokohoa. Ikakohoa tena, ikatema upepo, kisha ikatoa maji mengi ya rangi ya chai ya maziwa. Mtu anayeungua haulizi maji yametoka wapi. Msusi alimlaza Mwalimu kwenye sinki, akamwosha, akamsuuza, na kwenye tundu la sinki likabaki tope jeusi laini, punje za shayiri na samaki mdogo aliyekuwa bado anapigapiga mkia.

Mwalimu aliinua kichwa kinachochuruzika, akachukua tope kidogo kwa kidole, akalinusa.

"Hii ni Naili," alisema. "Naili ya zamani, ya wafalme, msimu wa mafuriko. Tope hili nimelifundisha maisha yangu yote."

"Lina madhara kwa nywele?"

"Sidhani. Wenyewe walikuwa wanalilimia."

"Basi inama, bado nyuma ya masikio," alisema Msusi.

Siku mbili baadaye sinki la kulia nalo lilianza. Maji ya huko yalikuwa baridi na safi, na yalikuja na kigari cha udongo cha kuchezea watoto, magurudumu yake yote yakiwa mazima. Mwalimu aliitwa nyumbani kwake, akaja na rola kichwani, akakigeuza kile kigari juu chini na uso ukamng'aa.

"Hawa ni wa bonde la Mto Indus. Walikuwepo wakati uleule wa wale wa Naili, na miji yao ilikuwa ya matofali, imepangwa kama imechorwa kwa rula. Maskini hawa! Kitabu kiliwapa ukurasa mmoja, na mimi nilikuwa nawafundisha kengele ikikaribia kulia."

Kwa kuwa Msusi alifanya kazi sinki la kushoto na Wifi la kulia, kila mmoja alishika mto wake kama mtu anavyoshika timu ya mpira. Wateja nao wakagawanyika. Waliotaka nywele zijae walikaa kushoto, kwa sababu lile tope liliotesha hata nywele zilizokwisha kata tamaa. Waliosumbuliwa na mba walikaa kulia. Mwalimu alikaa katikati, akifundisha kadiri alivyokumbuka, na mabishano yakawa matamu kiasi kwamba watu walianza kuja wakiwa na nywele safi.

"Mto wangu umejenga mapiramidi," Msusi alisema siku moja huku akifumua rasta. "Wako umejenga nini?"

"Mabafu," Wifi alijibu. "Karibu kila nyumba na bafu lake, na visima vya kumwaga. Wewe nyumbani una bafu?"

Saluni ikavunjika mbavu. Msusi alisema ana karai na pazia, na kwamba hilo si swali la kumuuliza mtu mbele ya wateja.

Wiki iliyofuata, kwenye sinki la kulia alitokea mtu ambaye mtaa ulikuja kumwita Fundi. Ulianza kutokea mkono, ukafuata mwili wa mtu mfupi, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na magoti yenye udongo, akitoka polepole kama anayetoka chini ya gari. Mkononi alishika bonge la nywele na vipande vya rasta. Aliliweka juu ya meza ya vioo kwa adabu, akaeleza jambo kwa kirefu, na ingawa hakuna aliyeelewa hata neno moja, wote walielewa. Nywele zao zilikuwa zinaziba mifereji ya kwao.

"Muulize jina lake," Wifi alimwambia Mwalimu.

"Nitamuulizaje? Hata maandishi yao hajapatikana mtu wa kuyasoma."

Wifi alimwomba radhi kwa mikono, akaweka wavu kwenye tundu la sinki mbele ya macho yake, akamletea chai. Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema, na kweli akapona. Fundi alipomaliza chai alitoka nje kunyoosha mgongo, akauona mtaro. Mtaro wa mtaa ule ulipita wazi mbele ya milango yote, ukiwa na maji meusi, mifuko, kandambili za mguu mmoja na bata wawili walioridhika. Fundi alishika kichwa. Alirudi ndani, akaingia kwenye sinki, na baada ya muda akaanza kupitisha matofali.

Matofali yote yalikuwa ya kipimo kimoja. Alijengea mtaro kuanzia mlango wa saluni hadi kona, akaufunika, na kila baada ya hatua kadhaa akaacha kifuniko cha kuinua ili usafishike. Hakuuliza nyumba ipi ni ya nani. Mbele ya chumba cha mpangaji aliweka tofali lilelile aliloweka mbele ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba alilalamika kidogo kuhusu hilo. Bata walihama.

Kwenye sinki la kushoto naye akatokea Karani, mwandishi wa mfalme wa Naili, amevaa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, kalamu ya tete nyuma ya sikio na wigi lililohitaji kuoshwa. Yeye alijua Kiswahili kabla jioni haijafika, kwa sababu karani hujifunza haraka lugha ya mahali penye kitu cha kupima. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchora mistari ukutani, juu ya sinki.

"Maji yakiishia hapa chini," alimweleza Msusi, "watu wanalala njaa na mfalme anachukua chake. Yakifika hapa kati, watu wanashiba na mfalme anachukua chake."

"Na yakipita huu wa juu?"

"Nyumba zinabomoka. Na mfalme anachukua chake."

Alikuwa mtu mcheshi, mkarimu wa habari, na ukimwanzisha kutaja wafalme alitaja mpaka ukamaliza kusuka kichwa kizima. Mwalimu alimpenda. Lakini alitaka haki kwa pande zote, kwa hiyo alimwendea Fundi, akazungusha vidole juu ya kichwa chake kuonyesha taji, akamnyooshea mikono kumuuliza mfalme wenu nani. Fundi alimtazama kwa makini, akafikiri, kisha akamketisha chini ya draya na kumwashia.

Mtaa ulinawiri. Watu walipanga ndoo kwenye masinki asubuhi na saluni ilipanga vichwa mchana, na kaka yake Msusi alianza tena kula nyama katikati ya wiki. Msusi alikuwa na furaha na alisema wazi kwamba ana furaha. Hata hivyo Jumatatu alijifunga kilemba akaenda ofisi ya maji kama kawaida.

"Unafuata nini tena?" Wifi alimuuliza. "Maji si haya?"

"Haya ni ya wageni, wifi. Mgeni huaga. Mimi nafuata yetu."

Afisa wa maji, ambaye kwa miezi yote ile hakuwa na gari, wala mafuta, wala nafasi, alifika siku ileile aliposikia kuna maji mtaani yasiyopitia ofisini kwake. Alifungua koki zote mbili, akaonja, akatema ya kushoto, akameza ya kulia. Alikagua mtaro, akaupiga teke, mtaro ukavumilia. Kisha akampa Msusi mkono.

"Hongera, mama. Malalamiko yako tumeyafunga."

"Mmeyatatua?"

"Tumeyafunga. Mtaa una maji, mtaa una mtaro. Sisi tunahudumia wenye shida. Kile kiungo cha bomba cha kuleta maji huku tutakiondoa kabisa, tupanue bomba la kwenda juu. Kule kuna bwawa jipya linajazwa."

"Lakini haya maji si yenu, baba. Ni ya watu waliokufa zamani. Wakiondoka nayo je?"

"Maji ni maji," alisema Afisa, na kwa kuwa mkewe alikuwa amesikia sifa za lile tope, na yeye utosi ulikuwa umeanza kung'aa, akakaa sinki la kushoto na kufumba macho. Msusi alimwosha. Hasira zilikuwa zimemshuka hadi kwenye vidole, akamsugua kama anayekwangua sufuria lililoungua, na Afisa akasema hajapata kusikia raha kama ile. Aliondoka bila kuaga.

Vibarua walikuja kukata kiungo siku mbili baadaye. Wanawake wa saluni walisimama mlangoni kutazama, na Fundi na Karani wakasimama nao. Fundi aliangalia bomba, akaangalia milango ya mtaa, akaangalia kilima. Alizungusha vidole juu ya kichwa chake, vilevile alivyofanyiwa na Mwalimu, akanyoosha mkono kule juu kuuliza. Mwalimu akatikisa kichwa kwamba hapana, hakuna mfalme. Fundi alingoja maelezo mengine. Hayakuwepo, akarudi kwenye matofali yake, kwa sababu alikuwa amefika mtaa wa pili na kazi ilikuwa bado nyingi.

Karani aliweka kiganja juu ya macho. Aliona kuta ndefu nyeupe, mageti, walinzi, miti iliyokatwa ikalingana, maji yakiruka juu na kuanguka, na hakuona mtu.

"Nani amezikwa kule?" aliuliza.

"Hakuna aliyezikwa," alisema Msusi. "Wanakaa watu."

"Wako hai?"

"Wazima kabisa."

Karani alicheka mpaka akashikilia fremu ya mlango. Alisema tangu aje alijiona mgeni, na kumbe muda wote yuko nyumbani. Akaweka wigi vizuri, akauliza njia ya kwenda ofisi ya maji.

Jumatatu Msusi alimkuta Karani kwenye dirisha la ofisi ya maji, kalamu iko nyuma ya sikio, foleni mbele yake imenyooka na kutulia kuliko alivyowahi kuiona. Alifurahi kuona uso anaoujua. Akamweleza shida ya mtaa tangu mwanzo, ingawa Karani aliijua, na Karani aliiandika yote kwa picha nzuri za ndege na macho. Kisha akaupuliza wino ukauke.

"Dada yangu," alisema, "hili lazima lipande juu, na walio juu hawajashuka. Rudi wiki ijayo."

"Hata wewe, Karani?"

"Usikasirike. Kwetu, mtu aliyekwenda kulalamikia maji ya mfalme alilazwa chini akachapwa fimbo. Hapa unaambiwa urudi wiki ijayo, na kiti unapewa. Dunia imepiga hatua kubwa sana."

Msusi alitafakari, akaona kwamba kwa hilo hajadanganya. Alimkumbusha kwamba wigi lake la pili, aliloliacha saluni lioshwe, limeshakauka, aje alichukue, kisha akampisha aliyekuwa nyuma yake.