Faili Namba 1,000,003

Saa mbili na nusu asubuhi karani wa mapokezi aliliweka faili la mama mmoja juu ya meza ya pili, likakataa kufunguka. Hakushangaa mtu. Katika ofisi ile faili hufunguka lenyewe kwenye meza ambayo namba yake inaigawanya namba ya faili bila kubakisha kitu. Vinginevyo hata ulivute kwa koleo, wapi.

Ndani yake, walisema, mlikuwa na jibu la alipo binti yake, fundi cherehani, aliyepakiwa kwenye gari la askari akitoka kununua uzi. Mtoto wa jirani alipakiwa gari hilohilo. Siku ya kuandikisha, mama alimpisha jirani kwenye foleni kwa sababu miguu ya jirani ilikuwa inamuuma, basi jirani akapata 1,000,002 na yeye akapata 1,000,003.

La jirani lilifunguka meza ya pili, na ya tatu likafunguka tena. Mwanawe amekufa, kaburi lipo safu ya tisa. Jirani alilia mpaka sauti ikamkauka, lakini sasa ana mahali pa kwenda kung'oa majani. Mama alimwonea wivu, na wivu wa kaburi ni kitu kibaya jamani.

Faili likazungushwa. Meza ya saba ilibakisha nne. Ya kumi na moja, nne. Ya kumi na tatu, nne. Ya kumi na saba ilibakisha kumi na mbili, na karani wake akaomba radhi kana kwamba kazibakisha yeye.

"Namba tasa hiyo, mama," alisema karani wa meza ya thelathini na saba, ndiyo ya mwisho. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Na moja ni meza ya Mkubwa."

"Mkubwa yupo?"

"Yuko kikaoni."

"Tangu lini?"

"Mimi nimeajiriwa nikamkuta huko."

Kesho yake mama alirudi amejitwika meza ya cherehani ya bintiye. Ubavuni alikuwa ameiandika kwa chaki, tarakimu moja moja, namba ya faili lake, kama ilivyokuwa kwenye kikaratasi alichopewa siku ya kuandikisha. Mlinzi alimsaidia kuitua. Karani yuleyule akaweka faili juu ya meza hiyo, likafunguka taratibu.

Mlikuwa na karatasi moja. Karani akaisoma: binti aliachiwa siku ileile saa kumi jioni, mzima wa afya, akaondoka kwa miguu yake. Chini palikuwa na sahihi ya binti, ndefu, yenye mikia.

"Mwanangu hakujua kuandika," mama alisema. "Hata vipimo vya wateja alikuwa anavifunga mafundo kwenye uzi."

Karani akavuta kidau cha wino wa muhuri.

"Mama yangu," akasema kwa upole, "faili likishafunguka, limejibiwa." Akagonga muhuri.

Mama akaomba akae kidogo. Wakamwambia akae tu, meza ni yake.