Vidonge Nilivyofunga kwenye Leso

Kinywa changu kilianza kukauka mwezi ule ule mkamwana wangu alipoanza kunitolea dawa za baridi yabisi. Vidole vyangu vimepinda, paketi zinanishinda, kwa hiyo alizibonyeza jikoni akaniletea vidonge vitupu kwenye kisahani. Paketi siioni. Ningejuaje ananipa nini?

Mkate ulinigandia kwenye kaakaa. Ulimi ukawa kama kitambaa cha deki kilichoanikwa. Nilipomwambia, alicheka.

"Mama, si ndiyo yabisi yenyewe hiyo? Yabisi ni kavu. Ulitaka ulowe?"

Jibu lilimtoka upesi mno, kama aliyeliandaa. Nikaanza kumpima. Mbona anasimama mlangoni mpaka nimeze? Mbona chai yangu anaikoroga amenipa mgongo? Nikawa nabana vidonge shavuni. Akitoka, navitema na kuvifunga kwenye leso. Wiki tano. Vifundo vya mikono vikaumuka kama unga wenye hamira.

Siku ya kliniki nikaimwaga leso mbele ya daktari, mkamwana akiwa pale pale.

"Nipimie hivi, daktari. Huyu ananikausha."

Daktari akavigeuzageuza. "Ni dawa yako hasa, bibi. Kumbe hukumeza?"

Akaniuliza kuhusu macho. Nikamwambia yanakwaruza, kama yana mchanga. Akaning'iniza kikaratasi cha kupima machozi kwenye kope la chini, tukangoja dakika tano. Kilitoka kikavu. Mkamwana akasema alidhani ukavu ndiyo yabisi yenyewe.

"Huu ni ugonjwa wa pili," akasema. "Mwili unajipiga wenyewe. Ulianza na viungo, sasa umegeukia panapotoka mate na machozi. Baadhi ya wenye baridi yabisi huupata. Mkakaa bila kuja kwa sababu ya jina 'yabisi' tu?"

Kesho yake asubuhi mkamwana akaniwekea mezani paketi nzima na glasi ya maji.

"Toa mwenyewe, mama. Usije ukasema nimekuwekea sumu."

Nikabonyeza kwa gumba, kwa kijiko, kwa meno. Kidonge kimekaa tu. Yeye anaosha vyombo, hageuki.

"Mwanangu," nikasema, "nilikudhania vibaya. Nisamehe. Njoo unitolee."

Akafuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja. Akabonyeza mara moja, kidonge kikaangukia kiganjani mwangu. Nikameza.

"Fungua mdomo nione."

Nikafungua. Akainama akachungulia kweli, mpaka nyuma ya magego.